Swichi Iliyokwama: Kwa Nini Mgonjwa wa Kipindupindu Apewe Maji Hata Akiendelea Kuhara

Leo tunazungumza juu ya kipindupindu. Najua umeshasikia mengi kuhusu ugonjwa huu: chemsha maji, nawa mikono, tumia choo. Hayo yote ni kweli na tutayagusa kabla ya kuagana. Lakini leo tutaanzia mahali pengine. Tutaanzia ndani kabisa ya mwili, mahali padogo pasipoonekana kwa macho, penye kitu kinachofanya kazi kama swichi ya stima.

Nimechagua njia hii kwa sababu ya maneno yanayosikika sana nyumbani mtu anapohara. Utasikia, "Hayo maji ya chumvi na sukari hayafanyi kazi. Tumempa tangu asubuhi na bado anahara." Mwingine ataongeza, "Usimpe maji, ndiyo yanayomzidishia." Basi kikombe huwekwa kando. Msikilizaji, kwa mgonjwa wa kipindupindu, kikombe kikiwekwa kando kwa saa chache tu, mtu aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa kabla ya usiku kuingia. Ndiyo maana nataka ufahamu kwa nini mgonjwa huendelea kuhara hata anapotibiwa sawasawa, na kwa nini hiyo si sababu ya kuacha kumnywesha.

Tuanze na seli. Mwili wako umejengwa kwa seli nyingi mno, na kila seli ni kama chumba kidogo chenye ukuta mwembamba. Seli hizi hupokea habari kutoka sehemu nyingine za mwili. Ukikutana na nyoka njiani, kwa mfano, mwili hutoa homoni ya adrenalini kwenye damu, na mara moyo huanza kudunda kwa kasi. Lakini adrenalini yenyewe haiingii ndani ya seli za moyo. Hubisha hodi ukutani tu. Upande wa ndani wa ukuta ule kuna protini inayopokea ile hodi na kuipeleka mbele. Hiyo ndiyo swichi yetu.

Swichi hii hufanyaje kazi? Ikiwa imezimwa, huwa imeshikilia kemikali iitwayo GDP. Hodi ikipigwa, huiachilia GDP na kushika kemikali nyingine inayofanana nayo, iitwayo GTP. Hapo swichi imewaka, na seli huanza kazi iliyoagizwa. Lakini swichi hii ina jambo moja ambalo swichi ya ukutani kwako haina: hujizima yenyewe. Baada ya muda mfupi, hukata kipande kidogo cha ile GTP, ikarudi kuwa GDP, na kazi ikakoma. Kwa sababu ya kazi hiyo ya kuikata GTP, wataalamu huziita protini hizi jitipiezi. Ukoo wao ni mkubwa. Wamo katika macho, ambako hutusaidia kuona mwanga. Wamo katika moyo, katika ubongo na katika tumbo. Mwaka 1994, wanasayansi wawili wa Marekani, Alfred Gilman na Martin Rodbell, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jamii mojawapo ya ukoo huu, iitwayo protini za G.

Kumbuka basi jambo moja, maana ndilo litakalotufaa mbele: kuwaka ni nusu ya kazi, na kuzimika ni nusu ya pili. Nyoka akishakwenda zake, moyo sharti utulie. Swichi isiyozimika ni hatari.

Sasa twende kwenye utumbo. Kila siku, utumbo wako mwembamba hupokea majimaji kiasi cha lita 8 au 9. Mengine ni yale unayokunywa na kula, na mengi zaidi hutoka mwilini mwenyewe: mate, nyongo na maji mengine ya kusaga chakula. Karibu yote hunyonywa na kurudi kwenye damu. Kinachotoka chooni ni kidogo sana. Seli za ukuta wa utumbo ndizo zinazosimamia biashara hii ya maji, yapi yaingie na yapi yatoke, na swichi tuliyoitaja ni mmoja wa wasimamizi.

Mtu akinywa maji au kula chakula kilichochafuliwa na kinyesi chenye vijidudu vya kipindupindu, vile vinavyonusurika na asidi ya tumbo hufika kwenye utumbo mwembamba. Huko havitoboi ukuta wala kuingia kwenye damu. Hujibandika tu juu ya ukuta na kutoa sumu. Sumu hii ina vipande sita. Vitano kazi yao ni kung'ang'ania ukuta wa seli. Cha sita ndicho kinachoingia ndani. Kikishaingia, huitafuta ile protini ya swichi na kuipachika kemikali mahali palepale panapohitajika kwa kazi ya kuikata GTP.

Umeona hila yake? Sumu haivunji swichi. Huiacha iwake, kisha huinyima njia ya kuzimika. Seli sasa inaamini kwamba inaagizwa bila kukoma: toa chumvi, toa chumvi. Milango ya chumvi upande wa utumbo hubaki wazi, chumvi hutoka, na popote chumvi iendapo, maji hufuata. Ni kama mfereji uliofunguliwa kisha mtu akaondoka na kile kishikio. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Kinyesi hugeuka kuwa maji meupe yanayofanana na maji yaliyooshea mchele. Pamoja na maji hayo hutoka chumvi ambazo misuli na moyo huzitegemea, na ndiyo sababu mgonjwa hukakamaa miguu na tumbo. Mara nyingi hana homa, kwa kuwa vijidudu havijaushambulia mwili kwa ndani. Kinachoua ni ukavu.

Ukweli huu haukujulikana kwa siku moja. Kwa miaka mingi madaktari walidhani vijidudu vyenyewe ndivyo vinavyouharibu utumbo. Mwaka 1959, daktari Sambhu Nath De wa Calcutta, India, aliondoa vijidudu kwenye majimaji vilimooteshwa, akayatia majimaji matupu katika utumbo wa sungura. Utumbo ulijaa maji vilevile. Ikawa wazi kwamba ni sumu inayofanya kazi hiyo. Kisha mwaka 1977, Dan Cassel na Zvi Selinger wa Jerusalem walionyesha kwamba sumu hiyo huzuia ukataji wa GTP. Yaani waliipata swichi iliyokwama.

Sasa swali lako ni hili: je, kuna dawa ya kuikwamua? Jibu ni kwamba hakuna dawa tunayompa mgonjwa ili kuibandua kemikali ile. Dawa za kuua vijidudu, kama vile doksisaiklini, zina faida yake. Hupunguza muda wa ugonjwa kwa sababu vijidudu vikifa, sumu mpya haitolewi. Lakini seli ambazo zimekwisha kuingiliwa na sumu hubaki na swichi zilizowaka.

Hata hivyo, usikate tamaa. Mwili una njia yake. Seli za ukuta wa utumbo haziishi muda mrefu. Kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi, seli za zamani hung'oka na mpya huchukua mahali pao. Seli mpya huja na swichi nzima. Kwa hiyo kipindupindu, msikilizaji, ni ugonjwa unaokwisha wenyewe kwa siku chache, mradi mgonjwa awe hai kuziona siku hizo. Hapo ndipo kazi yako na yangu ilipo. Sisi hatufungi mfereji. Sisi tunajaza tangi mpaka fundi afike, na fundi ni mwili wenyewe.

Utauliza, tutajazaje tangi ikiwa utumbo unatoa maji? Si yatatoka vilevile? Hapa pana jambo la ajabu. Ukuta wa utumbo una mlango mwingine wa kuingizia chumvi, na mlango huo haukufungwa na sumu. Robert Crane, mwanasayansi wa Marekani, alieleza habari zake mwaka 1960. Mlango huo hupitisha sukari na chumvi kwa pamoja: kila chembe moja ya sukari aina ya glukosi huingia pamoja na chembe mbili za sodiamu, ile sodiamu iliyomo katika chumvi ya kawaida. Chumvi ikija peke yake, mlango haufunguki. Sukari ikija peke yake, haufunguki. Zikija pamoja unafunguka, na maji huzifuata kuingia mwilini. Huku mfereji mmoja unatoa, mlango huu unaingiza. Ndiyo maana ya sukari katika ORS. Haikuwekwa kwa ajili ya utamu wala kwa ajili ya nguvu. Ni ufunguo.

Mwaka 1968, huko Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Miaka mitatu baadaye ukaja mtihani mkubwa. Vita vya Bangladesh vya mwaka 1971 vilifukuza watu wengi hadi India, na kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon, maji ya dripu yalikuwa yakiisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji safi, akawaachia jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Miongoni mwa waliotunzwa kwa njia hiyo, vifo vilishuka hadi chini ya 4 katika kila 100. Waliookoa maisha hayo walikuwa akina mama, akina baba na ndugu, wakiwa na vikombe mikononi.

Usidhani swichi za ukoo huu hukwama kwa kipindupindu pekee. Sumu ya kifaduro pia huharibu protini ya ukoo huu. Ndiyo sababu moja ya kutokosa chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tena kuna swichi iitwayo Ras, inayoiambia seli igawanyike. Mwaka 1982 wanasayansi waligundua kwamba katika baadhi ya saratani, Ras imepata kasoro ndogo na haizimiki, hivyo seli hugawanyika bila kikomo. Ilichukua miaka karibu 40, hadi mwaka 2021, kabla ya dawa ya kwanza inayolenga moja kwa moja aina mojawapo ya Ras yenye kasoro kuidhinishwa huko Marekani, kwa saratani ya mapafu. Dawa hiyo ni ghali na haiwafai wagonjwa wote. Kipindupindu ni tofauti. Swichi yake imekwama vilevile, lakini njia ya kuizunguka iko dukani na jikoni kwako.

Basi sasa tuingie kwenye vitendo. Ukiwa na kalamu, andika.

Kwanza, ukiwa na pakiti ya ORS, soma maandishi yaliyo juu yake kabla ya kuifungua. Kuna pakiti za lita moja na kuna za nusu lita, na kosa la kipimo ni kosa la dawa. Tumia maji safi: yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa klorini. Usiyachemshe baada ya kuchanganya. Yakibaki mpaka saa 24 zipite, yamwage na utengeneze mengine.

Pili, usipokuwa na pakiti, chukua lita moja ya maji safi, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari. Vijiko viwe vimesawazishwa, visiwe na mlima. Ukikosa chombo cha lita moja, tumia chupa mbili za maji za nusu lita. Onja kabla ya kumpa mgonjwa: yasiwe na chumvi kupita machozi. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Huu ni msaada wa kuanzia tu wakati pakiti inatafutwa, kwa maana pakiti ina chumvi nyingine ambazo jikoni hazipatikani.

Tatu, kiasi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha wastani. Mtoto wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, ngojea dakika 10, kisha uendelee polepole, kijiko kwa kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Watoto wa chini ya miaka 5 hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, uliza kituoni.

Nne, usimpe soda wala juisi yenye sukari nyingi ukidhani ni sawa na ORS. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyapeleka kwenye utumbo. Wala usikimbilie dukani kununua vidonge vya kufunga kuhara. Havigusi swichi iliyokwama, na kwa watoto vinaweza kuleta madhara.

Tano, jua unapima nini. Usihesabu tu mara ngapi mgonjwa amekwenda chooni, maana mfereji bado uko wazi na utaendelea hivyo kwa siku kadhaa. Tazama kama maji yanaingia. Je, anakojoa? Je, mdomo una unyevu? Mtoto akilia, machozi yanatoka? Ukiifinya ngozi ya tumbo, inarudi upesi? Majibu yakiwa ni ndiyo, basi maji yako yanafanya kazi, hata kama ndoo inajaa.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Mtu akihara maji mengi kama ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja, huku ukimnywesha njiani. Usingoje kupambazuke. Macho yakiwa yamezama, ngozi ikifinywa inabaki imesimama, amelegea, hawezi kunywa, au hakojoi tena, huyo ni wa dripu, na kila dakika ina thamani. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekauka kiasi hicho huhitaji lita 6 za dripu kwa saa 3 za kwanza. Hiyo si kazi ya nyumbani. Bila matibabu, nusu ya wagonjwa waliozidiwa wanaweza kufa. Wakitibiwa mapema na vizuri, hafi hata mmoja kati ya 100.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kipindupindu kimekuwa kikirudi nchini Kenya tangu mwaka 1971, na hakichagui. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi, kutoka Kiambu na Nairobi hadi Garissa, Wajir na Tana River. Februari 2023, serikali ilitoa chanjo ya kumeza katika baadhi ya sehemu zilizoathirika zaidi. Chanjo hiyo ikiletwa kwenu, ipokee. Bado lakini mlinzi wa kwanza ni yule unayemjua: maji yaliyotibiwa, choo kinachotumiwa na kila mtu pamoja na watoto, chakula kilichopikwa na kuliwa kikiwa moto, na mikono iliyonawishwa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Matapishi na kinyesi cha mgonjwa vimwagwe chooni, na mahali palipochafuka pasafishwe kwa klorini. Ukimhudumia mgonjwa, nawa kila mara. Tena mjulishe mhudumu wa afya wa kijiji chako mapema, ili majirani nao wakingwe.

Mpenzi msikilizaji, muda wetu umekwisha. Siku ukisikia mtu akisema, "Bado anahara, hayo maji hayana kazi," mweleze habari ya ile swichi. Mwambie maji hayakuja kufunga mfereji. Yamekuja kumshikilia mgonjwa hadi seli mpya zifike. Kisha chukua kikombe, mpe tena.